Inchi Mbili za Akiba

Siku ya kukaguliwa mizani, soko zima hushikwa na adabu ya muda. Wauza nyama huvaa aproni safi, wauza mchele huchana nywele, na hata yule mama wa vitunguu, ambaye mizani yake imelala upande mmoja tangu enzi za usichana wake, huja akitabasamu kama asiyejua kitu. Siku hiyo walijipanga ndani ya jumba la soko, kila mtu amekumbatia mizani yake kama anayepeleka mtoto kliniki. Foleni ilikuwa ndefu. Ilikuwa ndefu hivi kwamba waliosimama mwisho walikuja wamenyoa, na walipofika mezani ndevu zilikuwa zimerudi. Asiyeamini akaulize.

Katikati ya foleni hiyo alisimama mwanamke mmoja asiye na mizani. Alishika kikapu chenye kifuniko, na kifuniko kilikuwa kinapumua.

Alivaa gauni la kijani kilichokolea, kola nyeupe, vifungo sita vilivyofunikwa kwa kitambaa kilekile, vyote kazi ya mikono yake. Shingoni, pale wenzake wanapoweka mkufu, yeye alining'iniza tepu ya kupimia. Ndiyo maana soko lilimwita Fundi Tepu. Jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye leseni ya duka na kwenye mdomo wa binti yake, na binti yake alikuwa mbali.

"Fundi Tepu, humo kuna nini?" aliuliza mwuza nyama aliyekuwa mbele yake. "Kama ni kuku, nitampima mimi bure."

"Ni paka."

"Paka hatununui."

"Wala siuzi. Geuka mbele, foleni inasogea."

Watu wakacheka. Fundi Tepu hakucheka, kwa sababu jambo lilikuwa linamuumiza kichwa. Paka wake alikuwa ananenepa. Kwa wiki mbili nzima alikuwa amempunguzia chakula hadi nusu, na paka akazidi kujaa kama mto unaotiwa pamba.

Na hapa pana kichekesho ambacho soko lilikirudia mwaka mzima. Mwanamke huyu alikuwa na sifa moja kubwa katika mji. Alishona magauni ya maharusi kwa miaka ishirini na sita, na hakuna bibi harusi aliyewahi kumficha ujauzito. Angemzungushia tepu kiunoni, atazame dari, aandike namba, asiseme neno. Siku ya harusi ikifika, na tumbo nalo limefika, gauni lingekaa vilevile kama lilivyokusudiwa, kwa sababu ndani ya mishono alikuwa ameacha kitambaa cha akiba, akakifungua kimyakimya siku mbili kabla. Wapo wanaoapa kwamba aliwahi kumpima bibi harusi kwa simu: alisikiliza pumzi tu, akaongeza inchi moja na nusu, na mtoto yule sasa yuko chuoni.

Zamu yake ikafika. Nyuma ya meza aliketi mkaguzi kutoka ofisi ya vipimo, mtu mrefu, mwembamba, mwenye koti la kazi ambalo mikono yake iliishia mbali na viganja, kama koti limeamua kurudi nyumbani peke yake. Mbele yake lilikuwa sanduku la mbao, na ndani yake mawe ya kupimia ya shaba yamelala kila moja kwenye shimo lake la mahameli, kutoka kubwa hadi dogo. Wafanyabiashara walimwita Bwana Ratili. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mizani iko wapi, bibi?"

"Sina. Nina wa kupimwa."

"Mimi napima mizani. Sipimi wanyama."

"Na mizani ukishaipima wewe, inapima nini? Upepo?"

Foleni ikaguna kwa furaha. Bwana Ratili alikuwa anatafuta jibu kichwa cha paka kilipochomoza kwenye kikapu. Paka wa rangi ya majivu, kifua cheupe, sikio la kushoto limechanika kidogo, puani doa jeusi la mviringo kama kifungo. Akamtazama mkaguzi. Akatoa mlio mfupi, akapanda mezani, akapita juu ya karatasi za serikali bila kuomba ruhusa, akasugua shavu lake kwenye mkono mfupi wa koti.

Bwana Ratili akaweka kalamu chini. Alimtazama paka kwa muda ambao mtu angeweza kupima gunia zima la mchele.

"Ajabu," alisema Fundi Tepu. "Huyu hapendi wanaume. Mwuza nyama alimpa maini, akamkwaruza."

"Na maini akala!" alilalamika mwuza nyama.

"Uko naye tangu lini?" aliuliza Bwana Ratili. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Mwezi wa tatu huu. Aliingia dukani siku ya mvua, akalala juu ya gauni la watu, hajahama tena. Namwita Kifungo."

Mkaguzi akakohoa, akamweka paka kwenye mizani. "Kilo nne na gramu mia tatu."

"Unaona? Wiki mbili zilizopita, kwa mwuza mchele, alikuwa tatu na mia tisa. Na nimempunguzia chakula nusu!"

"Umempunguzia chakula?" Aliuliza kama vile amesikia amemkata mkia.

Akamwinua paka kwa uangalifu, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya nyonga, bila kugusa tumbo. "Njoo utazame. Chuchu hizi zimevimba, zimeiva rangi ya waridi, na manyoya yamejitenga kuzizunguka. Paka mnene hunenepa kote, shingo, mbavu, mgongo. Huyu mgongo wake ni uleule. Tumbo peke yake ndilo lililoshuka na kutanuka. Aliwahi kutapika asubuhi?"

"Siku mbili tatu. Nilidhani amemeza uzi."

"Na kabla ya hapo, kulikuwa na siku alizokuwa akilia na kujigaragaza, halafu akaacha ghafla?"

"Mwezi uliopita. Nilidhani ana huzuni."

"Hakuwa na huzuni, bibi. Alikuwa na mgeni. Paka wako hajanenepa, ana mimba. Wiki ya sita hivi, na mimba ya paka ni wiki tisa."

Jumba zima likalipuka. "Fundi Tepu kakosa! Leo kakosa!" Mama wa vitunguu alicheka hadi mizani yake ikanyooka. Lakini Fundi Tepu alisimama pale na kikapu kitupu, macho yamelowa.

"Nimekuwa nikimnyima chakula mja mzito," alisema polepole. "Mimi."

Bwana Ratili akachukua fomu ya ukaguzi, akaandika namba yake ya simu, na kwa mazoea tu akaigonga muhuri: IMEKAGULIWA. "Kuanzia leo ale anavyotaka, kidogokidogo, mara nyingi. Chakula cha paka wachanga kinamfaa, kina nguvu. Maji safi. Maziwa ya ng'ombe usimpe, yatamharisha. Na nitapita kila Alhamisi nimpime. Uzito ukianza kushuka, tunakwenda kwa daktari wa wanyama."

"Hiyo ni kazi ya serikali?"

"Hapana," alisema Bwana Ratili, akiwa ameshaanza kutazama mizani iliyofuata. "Hiyo ni Alhamisi."

* * *

Duka la Fundi Tepu lilikuwa chumba kimoja mbele na kimoja nyuma. Mbele palikuwa na cherehani, meza ya kukatia, kioo kirefu, na kijichumba cha mbao cha kujaribia nguo, chenye pazia mlangoni na ubao juu badala ya dari. Juu ya ubao huo alirundika karatasi za vielelezo vya miaka yote. Karibu na dirisha alisimama Bi Mbao, sanamu ya kuvalishia nguo, asiye na kichwa wala mikono, na kwa miaka tisa tangu mume wa Fundi afariki ndiye aliyekuwa mshauri wake.

"Unaonaje, Bi Mbao, hili pindo limeshuka?" angemwuliza. Bi Mbao hakuwahi kumpinga, na hilo ndilo lililokuwa likimchosha.

Nyuma kulikuwa na kitanda, jiko, sahani mbili na kikombe kimoja. Sahani ya pili aliiosha kila Jumapili ingawa hakuna aliyeilia, ili isishike vumbi. Siku nzima angewafunga watu zipu za furaha yao, angewasikia wakibishana kuhusu wageni na maua, kisha angeshusha mlango wa duka na kukaa akisikiliza friji. Paka alipokuja alipata kitu cha kumwambia "nimerudi" hata akienda tu kutupa taka.

Jumapili binti yake alipiga simu, kama kawaida.

"Mama, wiki hii umeongea na nani?"

"Nimeongea na watu kumi na saba."

"Wateja hawahesabiwi."

"Basi mmoja. Mtu wa serikali. Anakuja Alhamisi kumpima paka."

Upande wa pili kikasikika kicheko. "Mama! Serikali gani hiyo inapima paka? Ni mrefu?"

"Kama ngazi. Na koti lake ni aibu."

"Eh! Umeshalitazama koti!"

"Mimi ni fundi, natazama makoti. Kata simu, unamaliza salio."

Alhamisi Bwana Ratili akaja, na mizani ndogo kwapani na samaki wa kuchemsha kwenye kopo. Kilo nne na mia tano. Akaandika kwenye kijitabu. Akakaa dakika kumi. Alhamisi ya pili, baada ya kumpeleka paka kwa daktari wa wanyama, aliyemgusa tumbo kwa vidole viwili na kusema anahisi wanne, akakaa mpaka chai ikaisha kwenye birika. Fundi alikunywa kwa kikombe, yeye akanywea bakuli.

"Nunua kikombe cha pili," alisema.

"Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya bakuli. Linaona haya."

Alimfundisha kutengeneza sanduku la kuzalia: boksi la vitambaa, upande mmoja likatwe mlango mfupi ili mama aingie bila kuruka, ndani shuka kuukuu zilizofuliwa, kona yenye giza na joto mbali na cherehani. Paka alilitazama sanduku, akalinusa, akaenda kulala kwenye droo ya nyuzi.

"Shangazi, acha maringo," alisema Bwana Ratili.

"Kwa nini unamwita Shangazi?"

Akasita. "Anajiingiza kwenye mambo ya kila mtu." Fundi akacheka sana, akasema jina limempata.

Siku hiyo hakuvumilia tena. "Simama hapo. Vua hilo koti, linanikosesha usingizi." Akamzungushia tepu kifuani, mabegani, kiunoni. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi ilibidi apime kifua mara mbili, na akajisingizia ni umri. "Nitakushonea lingine. Utavaa kazini watu wakuheshimu."

"Wananiheshimu kwa sababu ya muhuri."

"Wanauheshimu muhuri. Wewe wanakuonea huruma."

"Na ndani unaacha kitambaa cha akiba, kama wale maharusi?"

"Inategemea. Mteja wa kupita namwachia robo inchi, inamtosha. Ninayejua atarudi, namwachia zaidi."

"Na mimi?"

"Wewe geuka nipime mgongo."

Akageuka. Cherehani lilikuwa limenyamaza, friji limenyamaza, na Bi Mbao, wanasema, aligeuza shingo ambayo hana.

* * *

Koti likabaki vifungo tu. Jumatano Fundi Tepu alivaa gauni lake la bluu lenye mikanda na kwenda upande wa pili wa mji, kwenye duka la vifungo vya pembe, maana vya plastiki vingelitukana koti lile. Alichagua vinne, vya kahawia yenye mawimbi. Alikuwa anatoka, anajiimbia, alipoiona karatasi moja.

Ilikuwa imebandikwa ukutani, jua limeifubaza, mvua imeikunja pembe. Picha ya paka wa rangi ya majivu, kifua cheupe, sikio limechanika, doa puani. Chini yake: AMEPOTEA. NI PAKA WA MAREHEMU MAMA YETU. ANAITIKA KWA JINA LA SHANGAZI. TAFADHALI. Na namba ya simu ambayo hakuhitaji kuisoma hadi mwisho, kwa sababu alikuwa ameihifadhi kichwani.

Alisimama pale mpaka mwenye duka akamwuliza kama amesahau kitu.

Kesho yake Bwana Ratili aliingia na kopo la samaki. Fundi alikuwa ameweka ile karatasi, aliyoibandua ukutani, juu ya meza ya kukatia, na juu ya karatasi ameweka mkasi isipeperuke.

"Huyu ni nani?"

Akaitazama. Akaketi bila kukaribishwa. "Ni Shangazi."

"Ulimjua tangu sokoni."

"Tangu alipotoa kichwa."

"Na ukanyamaza. Wiki tatu unakunywa chai yangu, unaandika kilo zake kwenye kijitabu, umenyamaza."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Mwanamume mwenye ulimi angejiokoa hapo. Lakini huyu maisha yake yote alikuwa amezoea kusema kile mizani inachosema, wala zaidi wala pungufu. "Mwanzoni nilitaka nimchukue akishajifungua," alisema.

Fundi Tepu akalisikia "nimchukue", na "mwanzoni" likadondoka sakafuni kama pini. "Vizuri. Kumbe ulikuwa unakagua cha kwako. Na mimi nilikuwa nani, rafu ya kukiwekea?"

"Fundi, sikiliza..."

Kengele ya mlango ikalia. Wakaingia bibi harusi, mama yake na shangazi zake wanne, wa kweli hao, na nyumba ikajaa kelele za lesi. Fundi alipopata nafasi ya kumgeukia tena, uso wake ulikuwa umefungwa.

"Mchukue leo."

"Simchukui. Amebakiza siku chache. Paka akihamishwa wakati huu atahangaika kutafuta pa kuzalia, anaweza kuwapoteza."

"Basi akimaliza, mchukue na watoto wake. Na kabla ya hapo usije."

Akaondoka. Mizani yake ndogo ikabaki mezani. Fundi akalichukua koti lisilo na vifungo, akalikunja kwa hasira, na kwa kuwa hakutaka kuliona wala hakuweza kulikata, akalirusha juu ya kijichumba cha kujaribia, nyuma ya karatasi za vielelezo. Siku zote yeye hurusha huko mambo asiyojua afanye nini nayo.

* * *

Simu ililia Ijumaa, ikalia Jumamosi. Aliiacha ilie huku akihesabu milio, na ilipokata alibaki akiitazama kama anayengoja iombe msamaha. Jumapili alipiga binti.

"Ngazi yetu haijambo?"

"Sijui. Haiji tena."

"Mama, umefanya nini?"

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu sauti yako ni ile ya baada ya baba. Ile ya kusema 'niko salama' kabla sijauliza."

"Niko salama," alisema Fundi Tepu.

Aliendelea kumpima paka mwenyewe. Kilo tano kasoro. Aliona tumbo likicheza kwa ndani alipolala, vijiguu visivyo na jina vikisukuma, akaweka kiganja karibu bila kugusa. "Mtaondoka," aliwaambia. "Mtaondoka na mama yenu, nami nitabaki na Bi Mbao. Ila kuleni kwanza." Akamwongezea chakula.

Jumatano Kifungo alianza kuhangaika. Alichimba ndani ya makapi ya vitambaa, akaingia kwenye makabati, akatoka, akamfuata Fundi akilia. Jioni akakataa samaki. Asubuhi ya Alhamisi sanduku la kuzalia lilikuwa tupu, droo tupu, uvungu mtupu, na dirisha la nyuma, ambalo Fundi aliliacha wazi kwa ajili ya joto, lilikuwa wazi.

Alitafuta nusu saa. Kisha moyo wake, ambao ulikuwa umeshazoea kuachwa, ukampa jibu la haraka. Akapiga namba.

"Umemchukua."

"Nani?"

"Usinichezee! Alhamisi ni siku yako. Umepita dirishani ukamchukua."

"Fundi, niko sokoni, nina mizani saba mbele yangu na mwuza nyama ananipigia kelele. Sijamchukua. Hajala tangu lini?"

"Tangu jana jioni."

"Alikuwa akijilamba nyuma? Anapumua harakaharaka?"

"Ndiyo. Ndiyo, na mimi nikaenda kulala."

"Basi hajapotea, amejificha. Funga dirisha. Usimwite kwa nguvu. Nakuja."

Soko lote lilishuhudia na likasimulia: Bwana Ratili aliinuka na kuliacha sanduku la mawe ya shaba wazi, jambo ambalo hata alipozirai mwaka ule wa homa hakulifanya. Mwuza nyama akabaki akililinda, mikono kifuani, kama askari wa benki.

Alifika akihema, viwiko vyake vikichungulia kwenye lile koti bovu. Wakatafuta bila kutazamana, chini ya meza, nyuma ya kioo, ndani ya sketi aliyovaa Bi Mbao. Hakuna. Wakaishia kukaa sakafuni, kila mmoja kwake, wakisikiliza.

"Mama yako," Fundi Tepu alisema hatimaye, "akitaka atoke, alikuwa anafanyaje?"

Bwana Ratili akatazama viatu vyake. Kisha akabana koo, na kutoka kwenye mwili ule mrefu ikatoka sauti nyembamba ya bibi mzee, ya uchangamfu, iliyokwisha kuzikwa: "Shangazi! Tuna wageni!"

Kutoka juu ya kijichumba kukajibu mlio mfupi wenye kero. Na nyuma yake mwingine, mwembamba, kama kapi ya kisima isiyotiwa mafuta.

Wakapanda viti viwili, bega kwa bega. Nyuma ya vielelezo, juu ya koti jipya, Kifungo alikuwa amelala ubavu, anamlamba mtoto mmoja mweusi asiyezidi kidole gumba, na wa pili alikuwa njiani.

"Usimguse," alinong'ona Bwana Ratili. "Anajua kazi yake. Akisukuma nusu saa bila mtu kutoka, ndipo tumwite daktari."

Wa pili akatoka. Mama akampasua mfuko wake, akamlamba hadi akalia. Fundi Tepu alilia naye.

"Nilimwahidi mama kwamba Shangazi hatalala nje," alisema Bwana Ratili, macho kwa paka. "Siku ya kuhamisha vyombo akatoroka. Nikabandika karatasi mji mzima. Halafu nikamkuta kwako, amelala ndani, anapendwa. Ahadi ilikuwa imetimizwa na mtu mwingine. Siku ile jumba zima linakucheka, wewe unamlilia paka tu, nikajua simchukui."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungenipa. Wewe ni mtu wa hivyo. Ungenipa, nami ningerudi nyumbani na paka. Nyumba yangu ina kiti kimoja, Fundi. Nilitaka Alhamisi."

Wa tatu akaja, wa rangi ya majivu, kisha pakapita muda mrefu. Fundi aliitazama saa ya ukutani mpaka dakika ishirini na tano, simu mkononi, na mkono mwingine, bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote, ulikuwa umeshika mkono mfupi wa lile koti. Wa nne akatoka akilia kuliko wote.

Ndipo Bwana Ratili akalitambua alilolalia paka. "Hilo ni koti langu?"

"Lilikuwa."

Katika kujitengenezea kitanda Shangazi alikuwa ameichana bitana yote ya upande mmoja, na mshono wa ubavuni ulikuwa umejitokeza nje kama siri ya mtu. Yule mkaguzi akainama. Hakuhitaji rula, jicho lake lilikuwa na muhuri.

"Inchi mbili," alisema.

"Tazama paka, acha kutazama mishono."

"Mteja wa kupita ni robo inchi. Hii ni inchi mbili, kila upande."

"Nilishona kabla ya kuiona karatasi."

"Na leo? Ukinishonea leo, ungeacha ngapi?"

Fundi Tepu akashuka kwenye kiti. Akaenda jikoni, akakaa huko muda wa kumtia mtu wasiwasi, akarudi na bakuli la chakula na maji, akampa ampandishie mama mzazi. Kisha akaivua tepu shingoni.

"Shuka. Hilo ni lao sasa, sitawanyang'anya. Nikupime upya."

Akasimama mbele yake, mikono imeinuka kidogo, kama ndege mkubwa asiye na uhakika. Tepu ikamzunguka kiunoni. Akatazama dari, kama anavyowatazamia maharusi, akachukua chaki na kuandika namba kwenye meza ya kukatia. Pembeni yake akaandika nyingine, ndogo.

Bwana Ratili akageuza shingo akaisoma.

"Tatu?"

"Napika vizuri," alisema Fundi Tepu. "Na Jumapili ninaosha sahani ya pili bure."